Sungura wa nyumbani na kisu cha daktari: funzo tulilolipata Washington

Na Mwandishi Wetu, Washington, D.C.

WALITUAMBIA kuwa wote wawili ni majike. Ilikuwa Machi 2016, siku chache kabla ya Pasaka, katika duka moja la wanyama kwenye kitongoji cha Maryland kinachopakana na mji mkuu wa Marekani. Watoto wetu walikuwa wameshasimama mbele ya kizimba kwa muda wa nusu saa, na sisi wazazi, baada ya wiki nzima ya kuombwa, hatukuwa tena na hoja iliyobaki. Tukalipa dola 30 kwa kila mmoja, tukapewa mfuko wa chakula, tukarudi kwenye fleti yetu na sungura wawili ndani ya boksi. Mweupe tulimwita Pamba. Wa rangi ya kahawia tulimwita Karafuu, na msomaji anayejua tunakotoka hatauliza kwa nini.

Mapema Julai Pamba akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyapanga pembeni mwa kizimba. Tukadhani anaumwa na ngozi. Asubuhi moja binti yetu akatuamsha kwa ukelele: ndani ya manyoya yale mlikuwa na vitoto saba, vyekundu, havina nywele wala macho yaliyofunguka. Karafuu, tuliyeuziwa kama dada yake Pamba, ndiye aliyekuwa baba.

Tukamtenga dume siku ile ile, tukaamini kuwa mambo yamekwisha. Kumbe tulikuwa tumeshachelewa. Siku 31 baadaye Pamba akazaa tena, safari hii vitoto vitano. Viwili vya uzao wa kwanza vilikuwa vimekufa. Ukihesabu na wazazi wao, tulikuwa na sungura 12 katika fleti ya vyumba viwili, na mkataba wa pango uliosema wazi kuwa wanyama wasizidi wawili.

Tunasimulia haya kwa sababu baada ya kuhadithiana na jamaa zetu wa Silver Spring, Alexandria na Woodbridge, tumegundua kuwa hatuko peke yetu. Watoto wetu waliozaliwa au kukulia huku wanataka wanyama kama wenzao wa skuli, na sungura huonekana ndiye mwepesi kuliko wote: habweki, hahitaji kutembezwa usiku wa theluji, na kwa wengi wetu hana utata wa dini kama alivyo mbwa. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi na sisi hatulijui kutoka kwetu, nalo ni kwamba sungura wa kufugwa ndani anahitaji kuhasiwa, na jike hasa anahitaji kutolewa kizazi. Asipofanyiwa hivyo si ajabu akafa kabla ya siku zake. Sisi tulilijua hilo kwa kuchelewa.

HESABU YA SUNGURA

Kwanza tueleze namna sungura anavyozaa, maana hapo ndipo tulipokosea.

Jike la sungura halina siku maalumu za joto kama alivyo ng'ombe au mbwa. Mayai yake hupevuka na kutoka kwa sababu ya kupandwa kwenyewe, kiasi cha saa kumi hivi baada ya dume kumpanda. Kwa maneno mengine, karibu kila siku ni siku yake. Mimba huchukua takriban siku 31. Na baya zaidi kwa asiyejua, jike anaweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kujifungua, hata siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyotokea kwetu: saa chache tulizozipoteza tukishangilia vitoto saba ndizo zilizotuletea vile vitano.

Sungura wadogo huanza kuwa na uwezo wa kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu na nusu hadi sita, kutegemea ukubwa wa aina yao. Katika umri wa wiki nane, wakati wengi huuzwa, kutofautisha dume na jike ni kazi hata kwa mtu mwenye uzoefu, kwa sababu korodani za dume huwa bado hazijashuka. Kwa hiyo hatumlaumu sana yule kijana wa dukani. Alitazama, akakisia, akakosea. Lakini kosa lake la dakika moja lilitugharimu sisi mwaka mzima wa kutafutia sungura makazi.

Kwa hesabu ya karatasi, jike anayezaa kila siku 31 anaweza kupata mizao 11 kwa mwaka. Ukimpa watoto sita kila mara, hao ni 66, bila ya kuhesabu wajukuu. Hakuna fleti wala shamba dogo linaloweza kuhimili hesabu hiyo.

PASAKA NA BUSTANI ZA WASHINGTON

Mji huu una uhusiano wa pekee na sungura. Tangu mwaka 1878, enzi ya Rais Rutherford Hayes, watoto hualikwa kwenye bustani ya Ikulu ya White House Jumatatu ya Pasaka kuviringisha mayai, na siku hizi huwapo pia mtu aliyevaa vazi la sungura mkubwa. Kuanzia 2017 hadi 2021 familia ya Makamu wa Rais Mike Pence ilikuwa na sungura wao, Marlon Bundo, aliyeishi nao katika makazi rasmi ya Naval Observatory, na mwaka 2018 kikaandikwa kitabu cha watoto juu yake. Sungura, kwa ufupi, ni mnyama anayependwa sana katika mji huu, angalau mara moja kwa mwaka.

Tatizo ni miezi inayofuata. Sungura aliyenunuliwa Machi au Aprili akiwa kama kitonge cha pamba, ifikapo katikati ya kiangazi huwa ameshabalehe. Dume ambaye hajahasiwa hurusha mkojo ukutani, huzunguka miguu ya watu na kupanda kila kitu, kuanzia mto wa kochi hadi mkono wa mtoto. Jike hulinda kizimba chake kwa kuuma na kuparura, na mara nyengine hujenga kiota kwa mimba isiyokuwapo. Hapo ndipo watoto hukata tamaa na wazazi hutafuta pa kumpeleka. Vituo vya kuhifadhi wanyama vya eneo hili, kama kile cha Wilaya ya Montgomery kilichoko Derwood na kile cha Wilaya ya Fairfax ng'ambo ya mto, hupokea sungura na si mbwa na paka peke yao.

Wapo wanaochagua njia ya mkato: humfungulia mlango. Hoja yao ni kwamba Rock Creek Park imejaa sungura, basi naye atajiunga na wenzake. Hao si wenzake. Wale wenye mkia mweupe kama pamba wanaorukaruka kwenye nyasi za Washington ni wanyama wa Marekani, wa jamii nyengine kabisa, na hawawezi kuzaliana na wa kufugwa, ambao asili yao ni Ulaya. Sungura wa nyumbani hajui kujificha, na mweupe kama Pamba wetu huonekana na mwewe na mbweha kutoka mbali. Aidha, sheria ya Maryland inakataza kumtelekeza mnyama wa kufugwa barabarani au mahali pa watu, na kuachia wanyama ndani ya hifadhi za serikali kuu ni kosa pia.

Sisi hatukumfungulia mlango mtu. Ilituchukua hadi Februari 2017 kuwagawa watoto wa Pamba, kwa majirani, kwa mwalimu mmoja wa skuli, na wengine kwa watu wa kujitolea wanaowatafutia sungura makazi. Tukabakisha mmoja wa uzao wa kwanza, jike wa rangi ya tende. Tukamwita Tende.

TULIMHASI DUME, TUKAMWACHA JIKE

Kuhasi mnyama si jambo geni kwetu watu wa Afrika Mashariki. Nani asiyemjua maksai anayevuta mkokoteni, au ndafu anayechomwa mzima siku ya harusi? Lakini kwetu mnyama huhasiwa ili awe mtulivu kazini au anenepe kwa kisu cha pili. Kumhasi mnyama asiyefanya kazi wala kuliwa, na kulipa pesa juu yake, kulitushinda kufahamu. Mama mmoja wa makamo, jirani yetu kutoka pwani, aliposikia tunakusudia kumpeleka Karafuu hospitali, alitutazama kwa huruma.

"Wanangu," alisema, "mumenunua sungura wa dola thelathini, sasa mwataka kumpasua kwa mamia? Kwa nini msimtie kwenye biriani?"

Tulicheka, lakini moyoni tulikubaliana naye nusu.

Karafuu tulimhasi Septemba 2016. Hata hilo tulilianza vibaya. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulimwondolea majani na maji yote, kama binadamu anavyoambiwa afunge kabla ya kupasuliwa. Asubuhi muuguzi alipotuuliza amekula saa ngapi, tukajibu kwa fahari kwamba tangu jana hajaonja kitu. Akashika kichwa. Binadamu, mbwa na paka hufungishwa kwa sababu wanaweza kutapika wakiwa kwenye usingizi wa dawa. Sungura hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu. Badala yake tumbo lake linatakiwa lisagike muda wote, na likisimama kwa saa nyingi anaweza kufa. Operesheni ikaahirishwa hadi wiki iliyofuata, na safari hii Karafuu alikula mpaka mlangoni.

Dume ni kazi nyepesi. Korodani hutolewa bila ya kufungua tumbo, na jioni yake alikuwa anatafuna. Hata hivyo tulionywa tusimrudishe kwa Pamba haraka: mbegu zilizokwishatoka hubaki mwilini, na dume anaweza kutia mimba kwa wiki nne hadi sita baada ya kuhasiwa. Tulihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni kama watu wanaohesabu eda.

Daktari alituuliza, na majike je? Alitueleza juu ya saratani ya mfuko wa uzazi. Akatupa bei, karibu dola 400 kwa kila mmoja, kwa vile jike hufunguliwa tumbo. Tulitazamana. Mwezi ule tulikuwa tumetuma pesa nyumbani kwa matibabu ya mzee wetu. Tukajiambia kuwa dume ameshahasiwa, mimba hazipo tena, basi tatizo limekwisha. Daktari hakutushurutisha. Tukarudi nyumbani na Karafuu, na majike wetu wawili wakabaki kama walivyoumbwa.

UGONJWA TUSIOUONA KWETU

Mwezi wa Aprili 2021 mama watoto aliona alama nyekundu kwenye gazeti tunalotandika ndani ya sanduku la choo. Hatukushituka. Mkojo wa sungura hubadilika rangi kutokana na majani anayokula, unaweza kuwa wa njano, wa machungwa hata mwekundu, na akawa mzima kabisa. Lakini alama ile ilikuwa ya mabonge. Tulipompeleka Pamba kwa daktari, picha zilionyesha uvimbe katika mfuko wa uzazi na madoa kwenye mapafu. Saratani ilikuwa imeshasafiri. Daktari alitwambia kwa upole kuwa kupasua hakutamsaidia kitu tena. Pamba alikufa Juni 2021, akiwa na miaka mitano, umri ambao kwa sungura wa ndani anayetunzwa ni nusu tu ya maisha, kwani wengi wao hufika miaka minane hadi kumi na mbili.

Baada ya hapo ndipo tulipokaa kitako na kusoma tulichotakiwa kukisoma mwaka 2016.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1938 watafiti Harry Greene na John Saxton walichapisha uchunguzi mrefu juu ya uvimbe wa mfuko wa uzazi wa sungura, na wengine wakaendelea baada yao. Vitabu vya madaktari wa wanyama hutaja kuwa katika baadhi ya aina za sungura, majike waliopita miaka minne ambao hawakutolewa kizazi hupata saratani hii kwa kiwango cha asilimia 50 hadi 80. Kiwango hutofautiana baina ya aina na aina, lakini kila utafiti unakubaliana kuhusu jambo moja: umri ukizidi, hatari inazidi. Na haijalishi kama jike amezaa au hajazaa.

Tukajiuliza, iweje basi sisi tuliokulia na sungura hatujawahi kuusikia ugonjwa huu? Vijijini kwetu wapo. Kenya serikali imehimiza ufugaji wa sungura kwa miaka mingi, na ina kituo cha kuwazalisha kule Ngong. Wakulima hufuga New Zealand weupe na aina nyengine kwa ajili ya nyama, na hata mkojo wao hutumika kama mbolea. Katika watu wote hao, nani amewahi kusema sungura wake amekufa kwa saratani ya kizazi?

Jibu ni jepesi, nalo lilitusikitisha. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa miezi minne au mitano. Jike wa kuzalisha naye hutolewa uzazi wake unapopungua, mara nyingi kabla hajafika miaka mitatu. Hakuna anayeishi hadi umri ambao ugonjwa hujitokeza. Hatukuuona kwa sababu sungura wetu hawakupewa nafasi ya kuzeeka.

Hapa ndipo tulipoelewa kosa letu. Tulimfuga Pamba kwa mtindo wa huku, ndani ya nyumba, kwa miaka, akilala chini ya meza ya watoto. Lakini tukampangia matibabu kwa akili ya kule, kama mnyama ambaye mwakani hatakuwapo. Mtu akishaamua kuwa mnyama huyu hataliwa na ataishi mpaka azeeke, basi amejitwika deni la kumtunza katika maradhi ya uzeeni. Huwezi kuchukua nusu ya mila hii na nusu ya ile na ukadhani mnyama hatadhurika.

TENDE

Alikuwapo bado Tende, binti yake Pamba, mwenye karibu miaka mitano. Safari hii hatukungoja. Tulimpeleka Julai 2021. Daktari alimpima damu na kumpiga picha ya kifua kwanza, kwa sababu ya umri wake, na mapafu yakawa safi. Alipomfungua akakuta uvimbe mdogo umeshaanza katika pembe moja ya mfuko wa uzazi. Akautoa mfuko wote pamoja na ovari.

Hatutaki kumdanganya msomaji kuwa operesheni haina hatari. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008, uliofuatilia maelfu ya wanyama wakiwemo sungura zaidi ya 8,000, ulikuta kuwa sungura 1.39 katika kila 100 waliotiwa usingizi walikufa, na miongoni mwa wale wazima wa afya ni 0.73 katika 100. Kwa mbwa kiwango kilikuwa 0.17. Kwa hiyo nusukaputi ni nzito zaidi kwa sungura kuliko kwa mbwa. Lakini weka 0.73 hiyo upande mmoja wa mizani, na ile asilimia 50 hadi 80 upande wa pili, kisha uamue mwenyewe.

Utafiti huo ulionyesha pia kuwa vifo vingi hutokea baada ya operesheni, katika saa za kuzinduka, na hapo mwenye sungura ana kazi kubwa. Usiku ule Tende alikaa kwenye kona, macho nusu, hataki kitu. Tulikuwa na dawa ya maumivu, chakula cha unga wa majani cha kukoroga na maji, na bomba dogo lisilo na sindano la kumlishia. Tulipeana zamu. Tulimwekea chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo. Watoto, waliokuwa wameshakuwa wakubwa, walikesha wakichungulia sanduku la choo. Saa kumi na moja alfajiri kijana wetu akatoka chumbani akipiga kelele, "Amepata choo! Punje sita!" Sijui kama imewahi kutokea familia iliyofurahia mavi ya sungura kiasi kile. Tumbo lilikuwa limeanza kusaga tena.

Tende aliishi miaka mitatu na nusu baada ya hapo. Alikufa Januari 2025 akiwa na miaka minane na nusu, kwa uzee, amelala.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwa wale wenye sungura sasa hivi, au wanaosumbuliwa na watoto kila Pasaka ikikaribia, tunaweka hapa yale ambayo sisi tungependa kuambiwa mwaka 2016.

Jike hutolewa kizazi kuanzia miezi minne hadi sita, na inafaa iwe kabla hajafika miaka miwili. Dume huhasiwa korodani zikishashuka, kwenye miezi mitatu na nusu hadi minne. Aliyepita umri huo hajachelewa, kama Tende alivyotuonyesha, lakini apimwe kwanza.

Si kila daktari wa mbwa na paka anayejua sungura. Muulize bila ya haya: kwa mwezi unapasua sungura wangapi? Unawafungisha kabla? Akikujibu kuwa anawafungisha usiku kucha, shukuru na uondoke. Unampa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani? Nani anamwangalia akizinduka? Chama cha House Rabbit Society, kilichoanzishwa California mwaka 1988, huorodhesha madaktari wanaofahamu sungura katika majimbo mbalimbali, na hapa kwetu kundi la kujitolea la Friends of Rabbits hufanya kazi Maryland, Virginia na Wilaya ya Columbia.

Sungura aliyepasuliwa akipitisha saa 12 bila ya kula wala kupata choo, hiyo ni dharura. Usingoje kupambazuke. Wala usimpe dawa za binadamu zilizobaki kabatini. Amoksilini ya kumeza, ambayo sisi humpa mtoto kwa kikohozi, huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura na inaweza kumuua mwenyewe.

Na kuhusu pesa: kwa kawaida ni nafuu kumchukua sungura kutoka kituo cha wanyama au kwa watu wa kujitolea, kwa sababu mara nyingi huwa ameshahasiwa na ada yake ni ndogo kuliko bei ya operesheni moja. Sisi tulilipa dola 60 kwa sungura wawili wa dukani. Tukijumlisha yote yaliyofuata, hatutaki kuandika jumla yake hapa, mama watoto anasoma ukurasa huu. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasomaji wengine hutuuliza upande wa dini. Wanavyuoni wametofautiana tangu zamani kuhusu kuhasi wanyama, wapo waliokataza na wapo walioruhusu panapokuwa na maslaha au kuondoa madhara. Sisi si mamufti. Tunachoweza kusema ni kwamba anayemuuliza sheikh wake asiulize nusu ya suali. Asiseme tu, "Yafaa kumhasi sungura?" Amwambie pia kuwa sungura huyu anaishi ndani, hatachinjwa, na asipotolewa kizazi kuna uwezekano mkubwa akafa kwa saratani. Jibu hufuata suali.

Yule mama jirani yetu alikuja kututembelea mwaka uliopita kabla ya kifo cha Tende. Alikuta sungura mzee amejinyoosha juu ya zulia, miguu nyuma, kama bwana aliyemaliza kula. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye yule mliyempasua?"

Tukamwambia ndiye.

"Basi sijapata kumwona sungura mzee maishani mwangu," alisema. "Kwetu hawafiki."